Nilimpima Mama Mkwe kwenye Mizani ya Mchele

Nimekosa mimi. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu najijua: nikianza kusimulia pole pole nitajipamba, nitatafuta visingizio, na mwisho utanionea huruma bure. Usinionee huruma. Soma tu, na ukifika mahali pa kunitukana, nitukane. Mke wangu mwenyewe ameruhusu.

Jina langu silitaji. Nina duka la mchele na maharage Kariakoo, mtaa wa nyuma nyuma huko, na wateja wakijua ni mimi nitahama mji. Mke wangu nitamwita Mama Elia, ingawa mtoto wetu wa kwanza haitwi Elia. Wa pili, binti yetu mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, nitamwita Neema. Gari nalo silitaji jina, maana gari halikumkosea mtu. Aliyekosea nimekwishamtaja.

Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Desemba ikifika tunafunga maduka tunapanda kwetu, na wenyeji wa Dar wanatutania eti tunaenda kuhesabiwa. Watanie tu. Wasichojua ni kwamba kule nyumbani wanakuangalia unavyoshuka. Umekuja na nani, mmekaaje humo ndani, watoto wametoka wamenyooka au wamekunjamana. Mimi kwa miaka nilikuwa na kigari kidogo, na kila Desemba nilipanda nacho peke yangu na mizigo, mke na watoto wanakuja na basi. Nikifika, mashemeji wananiuliza, "Familia iko wapi?" Nawajibu, "Iko njiani."

Mwaka juzi Mama Elia akasema imetosha.

"Baba Elia, safari hii tunapanda wote, gari moja. Na mama anarudi na sisi."

Mama, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameshuka Dar kutibiwa macho, akawa anakaa kwetu Ilala. Mama mpole yule, jamani! Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Asubuhi nikitoka namwamkia, "Shikamoo mama," ananiitikia, "Marahaba baba, Mungu akutangulie," na kweli siku hizo nilikuwa nauza.

"Gari kubwa linakula mafuta," nikamwambia mke wangu.

"Na dogo linatuacha stendi."

"Dogo nikiweka mafuta Jumatatu, Jumamosi bado yapo."

"Yatakosaje kuwapo, Baba Elia? Hulipakii mtu!"

Tulibishana hivyo wiki baada ya wiki. Mezani, kitandani, hata kanisani wakati wa matangazo. Mimi nilikuwa upande wa mafuta, yeye upande wa nafasi, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Mtu anayetafuta gari la familia lazima abishane hivi, si dhambi. Mwisho nilishindwa. Nikauza kigari, nikaongezea, tukaenda yadi ya magari. Dalali akatufungulia milango yote ya gari moja la viti vinane, milango ya pembeni ya kuteleza, akaninong'oneza, "Bosi, ukinunua hili mama hakuombi talaka." Nikanunua.

Jumapili ya kwanza nilibeba familia na nusu ya kwaya ya akina mama. Waliimba njia nzima! Nilijisikia mtu. Jumatatu nikawasha gari, nikaangalia mshale wa mafuta, umelala chini.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza, na aliyeutia mbolea ni jirani yangu wa dukani. Anauza vyombo, sisi tunamwita Masufuria. Naye ni wa kwetu huko huko. Ana kigari kidogo kuliko hata kile nilichouza, na kila nikiegesha alikuwa anatoka nje kuniangalia.

"Mangi," ananiambia, kama Wachagga wa maduka wanavyoitwa mjini, "hilo gari linakula kama mjomba kwenye harusi. Mimi na haka kangu naenda Moshi narudi. Wewe hata Chalinze hufiki halijaomba sahani."

Alikuwa ananitania. Masufuria anamtania kila mtu, hata mchungaji wake. Lakini mimi niliyabeba yale maneno mpaka nyumbani nikalala nayo.

Na mimi, ndugu yangu, nimekulia kwenye mizani. Kitu chochote nikikiona najiuliza kina kilo ngapi. Nikajiambia, gari likiwa zito linakula, likiwa jepesi linasamehe, basi nilipunguze uzito. Nilianza na tairi la spea, nikaliacha nyumbani. Kisha jeki, maana jeki bila tairi ni ya nini? Kisha mazulia ya chini. Kisha nikaita fundi akafungua viti vya nyuma, vyote vitatu, nikaviweka sebuleni.

Usicheke! Vilikaa sebuleni vikielekea televisheni, na mikanda yake. Elia akikaa anafunga mkanda kabisa. Mgeni akija anatafuta pa kushikilia. Mama mkwe alivipenda, alisema vinamshika mgongo vizuri kuliko makochi yetu, na jioni alikuwa anakaa pale kusikiliza redio. Kwa hiyo gari nililonunua kwa ajili ya nafasi sasa lilikuwa na viti vitano, sawasawa na kigari nilichouza, na nafasi yenyewe ilikuwa sebuleni. Mke wangu aliniambia hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, huku anachambua mchele. Nikamwambia haelewi mambo ya magari.

Nikaendelea. Kiyoyozi, marufuku. Madirisha yafungwe, kwa sababu upepo ukiingia unalivuta gari nyuma. Kwa joto la Dar hii! Tulikuwa tunafika kanisani tumelowa wote, mchungaji akadhani tumepitia ubatizo mwingine njiani. Nikitoka Magomeni kushuka Jangwani natoa gia, naliacha liteleze bure bure (msifanye hivyo, ni hatari), na likiishiwa mwendo pale bondeni naanza kulisukuma kwa kiuno nikiwa nimekaa kwenye usukani. Nyuma wananipigia honi na kumtaja mama yangu.

Foleni ya Mnazi Mmoja ndiyo ilinitoa jasho. Gari limesimama, injini inaunguruma, mafuta yanaondoka na hatuendi popote! Nikawa nazima gari, nawaambia wote, "Shukeni mtembee, nitawachukua mbele." Siku moja tulikuwa tunaenda harusini, mke wangu kavaa viatu virefu, mama mkwe kamshika Neema mkono, wanatembea pembeni ya gari lao wenyewe lenye viti vitupu. Walifika ukumbini kabla yangu. Nikajipongeza.

Watoto niliwauliza kabla ya kupanda, "Mmeenda chooni?" Wazazi wengine wanauliza ili wasisimame njiani. Mimi nilikuwa nauliza kwa ajili ya uzito.

Desemba ikaingia. Naomba nipumue kidogo, maana sasa tunafika penyewe.

Siku ya safari niliwaambia tutapitia dukani kwanza, kuna kitu nachukua. Tulifika Kariakoo jua linachomoza, malori yanashusha, makuli wako kazini, mtaa umeshajaa. Garini tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake. Alikuwa na marobota mawili ya mablanketi ya mtumba, aliyoyachagua mwenyewe Mchikichini, moja moja, akiyapapasa kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa hayajapona vizuri. Kwetu kule juu, baridi ya mwezi wa saba haina mchezo, na kila mjukuu alikuwa ameshapangiwa blanketi lake.

Nikafungua duka. Nikavuta nje mizani yangu, ile ya chini yenye sahani ya chuma, ya kupimia magunia.

"Shukeni," nikasema, "tupime."

Mama Elia akaniangalia. "Tupime nini?"

"Mzigo. Nataka nijue gari linabeba nini. Mwaka huu nafika Moshi kwa nusu tenki."

Nusu tenki! Kwa sababu mafuta nayo yana uzito, nilikataa kujaza. Na nilikuwa nimeshaweka kiwango kichwani mwangu, kilo ambazo gari halitakiwi kuzidisha. Usiniulize nilikitoa wapi. Nilikitoa hewani.

Tukapima mabegi na marobota. Tukapima sukari, mchele, viatu, keki ya Krismasi. Elia akapanda kwa furaha, kwake ulikuwa mchezo. Neema naye akapanda. Mama Elia alipanda akiwa amenikazia macho, akashuka. Makuli wakaanza kusogea. Masufuria akatoka na kikombe chake cha chai.

"Mangi, leo unauza familia?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaona mambo yanaenda vizuri. Kisha nikamgeukia mama mkwe, nikamshika mkono. "Mama, karibu."

Najua. Najua! Mkwe humsogelei hovyo, hata kiti chake hukikalii. Na mimi nilimshika mkono mama wa mke wangu, mama asiyeona vizuri, nikampandisha kwenye sahani ya chuma yenye pumba za mchele, mbele ya mtaa mzima.

"Hapa ni wapi, Baba Elia?" akauliza. "Ndiyo ngazi ya gari?"

"Simama hapo hapo mama, usitikisike."

Mizani ikatulia. Na hapo mazoea ya kazi yakanipanda. Dukani ukipima gunia unasoma kwa sauti ili kila mtu asikie, kisha unatoa uzito wa gunia lenyewe. Basi nikasoma. Nikasoma kilo za mama mkwe wangu kwa sauti ya kuuzia mchele, halafu nikasema, "Toa kitenge na viatu, kilo moja na nusu!"

Mtaa ulipasuka kwa kicheko. Kuli mmoja akapaza sauti, "Mangi, mchele huo ni wa Kyela au wa Kahama?" Kalamu nene ninayoandikia magunia ilikuwa mkononi, nimeshaifungua, na mkono wangu ulikuwa unaelekea begani kwa mama. Mungu alinizuia. Naapa, ni Mungu tu.

Nikajumlisha. Tumezidi. Ningeweza kusema tuache sukari. Ningeweza kusema tuache keki. Ningeweza kujaza tenki kama watu wenye akili zao. Badala yake nilimwambia mama mkwe, kwa heshima zote, nikiwa nimeinama kidogo:

"Mama, hapa inabidi tuchague. Ni wewe au mablanketi."

Kicheko kikakatika. Hata makuli, watu wanaocheka chochote, walirudi kwenye malori yao.

Mama alishuka mwenyewe, akipapasa kwa mguu mpaka akaipata ardhi. Akatengeneza kitenge chake.

"Mablanketi yaende, Baba Elia," akasema. "Ni ya watoto. Mimi nitafika tu."

Hakupandisha sauti hata hapo. Mke wangu alikuwa ameshafungua mkoba, akatoa tiketi za basi, za kwake, za watoto na ya mama yake. Desemba mnaijua, tiketi za Moshi hazipatikani hata kwa kulia!

"Umezitoa wapi?" nikauliza.

"Nilizikata tangu mwezi uliopita. Kila siku nilikuwa namwomba Mungu zisinifae."

Akasimamisha bajaji ya kwenda stendi. Nikawafuata nikiwaambia kwamba basi nalo linakula mafuta, tena dizeli. Jamani, hicho ndicho nilichoona cha kusema! Elia alinipungia mkono. Neema hakupunga, alikuwa amemkumbatia bibi yake kiunoni.

"Mzee, wafuate," Masufuria akaniambia, na safari hii hakuwa anatania.

"Watafika tu," nikamjibu. Nikapakia marobota kwenye kiti cha kati, nikayafunga mkanda yasianguke, nikaondoka.

Na sasa naungama ninaloliona baya kuliko mizani. Nilifurahi. Mpaka Chalinze mshale haukushuka kitu cha maana, nikawa napiga mluzi, natunga maneno nitakayomwambia Masufuria. Mke, watoto na mama mkwe wamebanwa kwenye basi, mimi natabasamu na mshale!

Baada ya Chalinze nikatazama kioo cha ndani. Mablanketi yamekaa kwa adabu, yamefunga mkanda, hayasemi kitu. Nikayauliza, "Mko sawa huko nyuma?" Nikacheka mwenyewe, na kile kicheko kilinitisha. Gari kubwa likiwa tupu, tena bila mazulia, sauti yako inakurudia.

Nililikuta basi lao Korogwe, limesimama watu wale. Mama alikuwa kwenye benchi na wajukuu wake, wanagawana kuku. Nikasimama mbele yake nikasahau hata kumwamkia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ni Baba Elia huyo? Umekula?" Akapapasa kwenye mfuko wa kuku, akanipa paja.

Paja! Nililishika lile paja nikashindwa kulila. Nikamgeukia mke wangu, nikamwambia mbele ya watu, "Nisameheni. Pandeni gari twende."

"Rudi kwa abiria wako," akasema. "Usiwaache juani."

Basi likapiga honi, wakapanda. Nikalifuata. Nilijiambia nikilipita nitasubiri Same, nitapiga magoti pale pale wanaposhukia abiria, nikakanyaga mafuta kama mwendawazimu. Ubahili wa wiki zote zile ukaishia kwenye mguu wangu wa kulia. Mbele kidogo ya Mombo gari likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Nusu tenki ilikuwa imekwisha.

Jua la pale ulijue! Barabara imenyooka, milima upande mmoja, vichaka vikavu upande mwingine. Nimesimama pembeni ya gari kubwa lisilo na mtu nikipunga mkono, na magari ya Desemba yanapita yamejaa, watoto wanachungulia madirishani. Wengine walidhani natafuta abiria. Wakanipungia mkono kwa heshima, wakaenda zao.

Kisha nikasikia honi. Kigari cha Masufuria! Alikuwa amefunga duka akaondoka na watu wake wa nyumbani, yaani mke, shemeji yake na watoto, sufuria kubwa imefungwa kamba juu ya paa.

"Mangi! Limeomba sahani?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akashuka, akachungulia ndani ya gari langu, akayaona mablanketi yamefungwa mkanda. Utani ukamtoka usoni.

"Panda tukakutafutie mafuta."

"Nafasi iko wapi?"

"We panda tu."

Nikapanda. Mtoto mmoja akahamia mapajani kwangu, jogoo akahamia mapajani kwa mtoto, shemeji mtu akajisogeza, mlango ukafungwa. Nilibanwa mpaka nikawa siwezi kujikuna. Wao wakaendelea na hadithi waliyokuwa wanasimuliana kabla hawajaniona, na mke wa Masufuria akanipitishia karanga juu ya vichwa vya watoto. Hakuna aliyeniuliza nina kilo ngapi. Nililia, ndugu yangu, mtu mzima, na jogoo wa watu ananiangalia.

Mafuta tuliyapata, wakanirudisha kwenye gari langu, na nilifika kwa wakwe zangu Marangu jioni. Watu wangu wa basi walikuwa wameshafika, wameshaoga, wanakula. Nilitegemea vita. Mashemeji wakanyanyuka, wakanisalimia vizuri, wakayapokea marobota. Mkubwa wao akayapigapiga kwa kiganja, akaniuliza, "Yamesafiri salama?" Akanionyesha kiti. Wakarudi kula, na nilitamani wangenichapa.

Kesho yake nikakata isale. Kwetu isale ni jani la ule mmea tunaoupanda mipakani. Ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe, hata uwe umemchomea nyumba. Nikaenda nalo pamoja na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nikapiga magoti jikoni kwa mama mkwe, juu ya maganda ya ndizi. Alilipapasa lile jani akalijua.

"Baba Elia," akasema, "kupimwa si kitu. Huko hospitali nimepimwa mpaka nimechoka. Ila hospitali hawakunilinganisha na blanketi."

Nikamsogezea ndoo ya mbege.

"Isale silirudishi," akasema. "Yameisha. Simama, utachafua suruali."

Mimi mtu wa biashara, nikiambiwa yameisha naamini yameisha. Nikatoka jikoni nimenyooka. Krismasi ikapita vizuri, nikala nyama, nikacheza na wanangu, mashemeji wakaanza hata kunitania. Mama Elia akakubali kurudi na mimi. Nikajaza tenki mpaka likakataa. Nikaanza kuona kwamba lile jambo litabaki kuwa kichekesho chetu cha kila Desemba.

Siku ya kurudi mama akatupakilia ndizi, kama bibi wote. Neema alipewa mkungu mdogo wa kwake peke yake, ndizi tamu za kuiva, akaubeba kwa mikono miwili kutoka jikoni mpaka kwenye gari. Halafu akasimama. Akauweka chini kwenye majani.

"Panda mwanangu," nikamwambia. "Lete na ndizi zako."

"Hapana baba, ziache. Nataka niwe mwepesi."

Nikacheka, kicheko cha uongo. Nikamwambia gari lina nguvu, lina mafuta, abebe ndizi zake zote. Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, bila kulia, vile vile anavyouliza mwaka kesho ataingia darasa gani:

"Baba, mimi nikiwa mkubwa kama bibi, nitakuwa napanda basi?"

Mama yake alikuwa ameshakaa mbele. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni. Wote walisikia, na wote wakangoja nijibu. Nikamnyanyua Neema nimpandishe, na nilipomnyanyua nikamhisi amekakamaa mwili mzima, mashavu yamejaa, amebana pumzi. Alikuwa anajipunguza uzito.

Niliwaza isale, nikaliona halina kazi. Mtoto hajui hata ni jani gani, na hakuwa amenikasirikia. Alikuwa ameniamini tu.

Viti vimerudi kwenye gari, tairi limerudi, mazulia yamerudi. Mama mkwe alishuka tena Dar kwa ajili ya macho, akafikia kwa mpwa wake Tabata. Nilipompigia alisema pale ni karibu na hospitali. Si karibu. Nilikwenda kumwona, akanipa chai, akanibariki kama zamani, na nilipomwambia twende nyumbani akasema, "Safari nyingine, Baba Elia." Mke wangu alikuwa pembeni yangu, akaangalia kikombe chake.

Wewe unayezunguka kwenye yadi za magari ukibishana na mwenzio habari ya nafasi na mafuta, bishaneni, msione aibu. Kubwa ukiyaweza mafuta yake, nunua. Ukiona huyawezi, nunua dogo mbanane, na mtakaokosa nafasi mpande basi wote, na wewe mwenyewe ukiwemo. Ila ukishanunua, usiwafanye watu wako wajione kwamba wao ndio wanaokumalizia mafuta. Tena usilitamke hilo mbele ya mtoto, hata kwa utani, nakusihi! Mtu mzima atakununia, atakukatia tiketi kwa siri, utamwomba radhi. Mtoto atakubaliana na wewe.

Neema bado anabana pumzi. Akipanda gari langu anafunga mkanda, anajaza mashavu, anang'ang'ana hivyo mpaka tutoke kwenye mtaa wetu, ndipo anaachia. Nimemwambia aache, nimemnunulia kila kitu, nimembeba mgongoni nyumba nzima ili aone baba ana nguvu. Mama yake anasema ataacha tu, ni utoto. Kila asubuhi nikimpeleka shule namwangalia kwenye kioo, na mimi najikuta nimebana yangu. Mniombee aache.